Bahari Ndani ya Kioo, Chamazi

Mtoto wa kaka yangu alipotangaza kwamba anataka kufuga samaki wa bahari sebuleni, nyumba nzima ilicheka. Chamazi, jamani! Huku kwetu ukitaja maji, watu wanafikiria kisima cha nani kina chumvi zaidi. Bahari tunaisikia tu. Kuifikia unakata Kongowe uelekee Mjimwema, au unapambana na foleni ya Mbagala mpaka Feri, na huko Feri samaki wa mwambani tunamjua kwa jina la sufuria: changu wa kukaanga, chewa wa mchuzi, pono kama hela imepungua.

Lakini dogo alikuwa ameshapiga hesabu. Fundi wa aluminiamu na vioo amemkatia kioo cha milimita sita, sentimita 60 kwa 30 kwa 35, kimeunganishwa kwa silikoni. Hizo ni lita 63, yaani madumu matatu ya lita ishirini na kidogo juu. Mimi shughuli zangu ni vitabu, sikuwa na cha kumsaidia zaidi ya kutafuta nani alianza ujinga huu duniani. Nilidhani nitakuta kisa cha mafundi na mitambo, nikakuta kisa cha ndoo.

Wanaoandika historia hii huanza na Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyekuwa akiishi Messina, Sicily. Mwaka 1832 alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze argonauti, jamaa wa pweza mwenye kombe jembamba kama karatasi. Wataalamu walikuwa wanabishana kama kombe lile ni lake au ameliiba kwa mwingine. Jeanne akakaa akatazama, akaona analijenga mwenyewe. Ni kisa kizuri, ila yule alikuwa mtu wa utafiti. Anayenihusu mimi zaidi ni mama mmoja aliyetaka kitu cha kutazama nyumbani kwake.

Anna Thynne alikuwa mke wa kasisi mkubwa wa Westminster, London. Mwaka 1846, akiwa Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliona matumbawe madogo ya maji baridi, yale yanayokaa moja moja bila kujenga mwamba. Akayapenda. Akachukua sindano na uzi, akayashonea kwenye sponji ili maji yayazunguke pande zote, akayatia kwenye chombo na kusafiri nayo hadi London. Huko maji ya bahari ni ya kuagiza, na yakikaa yanachoka. Kinachochoka ni hewa iliyomo ndani yake: viumbe wanaimaliza, na uso wa maji yaliyotulia haurudishi ya kutosha. Mama Thynne hakuwa na pampu, kwa sababu pampu ya namna hiyo haikuwapo. Alichofanya ni kumimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa hadi dakika arobaini na tano, kisha kuyarudisha. Mwaka uliofuata aliongeza mwani wa baharini, nao ukasaidia kazi ya hewa. Matumbawe yake yaliishi karibu miaka mitatu.

Nimesema "alichofanya," lakini si yeye aliyemimina. Taarifa yake ilipochapishwa mwaka 1859 alikiri kwamba kazi ile ilikuwa ya kuchosha, ila alikuwa na kijakazi mdogo aliyependa kumridhisha, na ambaye, anasema, aliiona kama mchezo. Jina la msichana huyo halimo. Basi pampu ya kwanza ya matumbawe ya kufugwa ilikuwa mikono ya mtoto wa watu. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Baada yake akaja Philip Henry Gosse, na huyu ndiye aliyewasha moto. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Gosse akatoa kitabu chake *The Aquarium*, chenye picha za rangi alizochora mwenyewe. Ndicho kilicholisambaza jina hilo tunaloliita leo akwariamu. Gosse alitoa hata maelekezo ya kuchanganya chumvi ili asiye na bahari ajitengenezee yake. Wenye uwezo wakaingia wazimu. Treni zilikuwa zimeshafika pwani, kioo kimeshuka bei, na kila sebule ikataka bahari yake. Watu wakashuka ufukweni na nyundo, patasi na ndoo.

Msomaji wa blogu hii labda anamjua zaidi mtoto wake, Edmund Gosse, aliyeandika *Father and Son* mwaka 1907. Wengi tunakisoma kile kitabu kama kisa cha baba mwenye dini kali na mwana aliyeponyoka. Mimi sasa nakisoma kwa sababu ya kurasa chache za vidimbwi vya miambani. Edmund mtoto alivikuta vimejaa, na Edmund mtu mzima anaeleza jinsi jeshi la waokotaji lilivyovikwangua mpaka vikabaki mawe. Anajua ni vitabu vya baba yake vilivyowatuma, na anasema baba mwenyewe aliliona hilo na likamuuma. Yule mzee aliupenda ule mwamba kuliko mtu yeyote, akawafundisha watu kuupenda, na wakaumaliza. Sijui riwaya ngapi zina huzuni ya namna hiyo.

Sasa turudi kwetu, maana sisi tulishaingia kwenye hadithi hii zamani, kwa mlango mwingine. Mwaka 1866 kilitoka kitabu *The Fishes of Zanzibar*. Juu yake majina mawili: Playfair, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, na Günther wa British Museum. Samaki wetu walifika kule wamekufa, wamehifadhiwa, wakapewa majina ya Kilatini. Aliyewavua, aliyejua yupi hukaa kwenye jiwe gani na hutoka maji yakiwa vipi, hayumo juu ya jalada, na wala sikushangaa. Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1840, makampuni ya Hamburg yalikuwa yanapakia kauri za Unguja kwa shehena nzima kwenda Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Siku hizi, upande wa Kenya, wapiga mbizi wa Kilifi na Kwale wanakamata samaki wa mapambo wakiwa hai, wanafungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni, wanapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Ni kazi halali, inalisha nyumba nyingi. Ila mwaka huohuo 2003 ilipotoka sinema ya *Finding Nemo*, inayomlilia samaki aliyetiwa kiooni, biashara hiyo ilikuwa inaendelea. (Kwa njia, samaki wa aina ya Nemo wote huanza maisha wakiwa madume, na jike akifa dume lake linageuka jike. Kwa hiyo baba yake Nemo, kisayansi, alikuwa njiani kuwa mama. Watengeneza sinema waliiruka hiyo.)

Wala tusijifanye sisi tuliuacha mwamba ulivyo. Misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe. Yale mapambo laini ya kuchonga yalichongwa kwenye tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, kwa sababu likikauka linakuwa gumu. Chokaa ya kupaka ilitoka kwenye tumbawe lililochomwa juu ya kuni. Tanuri za namna hiyo zimeendelea kufuka moshi Mafia na Mtwara hadi enzi zetu. Na baruti je? Iliharamishwa tangu mwaka 1970, lakini kwa miongo mingi baada ya hapo mtu wa Kigamboni alikuwa anaisikia asubuhi kama kawaida. Hata Chamazi hii niliyoicheka haina bahari, nyumba zake zimesimama kwa saruji, na saruji ya Dar imetoka sana Wazo Hill, kilima ambacho jiwe lake ni chokaa ya miamba ya bahari ya kale. Tunalala ndani ya mwamba wa matumbawe, ni vile tu umesagwa.

Kwa hiyo dogo alipouliza, "Shangazi, nikavunje tumbawe moja dogo tu?" nilimkatalia kabla hajamaliza. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, na tumbawe gumu liko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini sababu yangu hasa ilikuwa ule ukurasa wa Edmund Gosse. Tukakubaliana: mawe mafu yaliyotupwa na maji ufukweni, mchanga, na viumbe wachache wasiojulikana na mtu.

Aliyetuokoa ni Lee Chin Eng wa Jakarta. Mwaka 1961 alieleza katika jarida moja la Marekani jinsi anavyofuga samaki na matumbawe bila mitambo: maji halisi ya bahari, mawe yenye uhai wake, mapovu ya hewa, jua la dirishani. Wazungu wenye vichujio vyao walimtilia shaka. Baadaye, kuanzia miaka ya sabini, Wajerumani wa Berlin wakajenga mfumo wao juu ya mawe yaleyale, wakaongeza taa kali na chombo cha kutoa uchafu kwa povu, na leo mfumo huo una jina la Berlin. Mtu wa Tanga au Mombasa angeweza kuandika makala ile ya Lee: ana maji, ana jua, ana mawe. Nadhani kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba kutazama samaki bila kumla ni kazi.

Maji tulichota upande wa Kigamboni, mbali na bandari, maji yakiwa yamejaa, msimu wa kiangazi, tukayachuja kwa kitambaa. Bajaji ilidai nauli ya watu watatu kwa sababu ya madumu. Kisha ukaja mtihani ambao vijana wengi wanafeli, kungoja. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, yenye madhara madogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe. Muda wote huo unatazama kioo chenye maji na mawe. Majirani walikuja wakauliza samaki wako wapi, wakaondoka na mashaka juu ya familia yetu.

Kosa lingine ni la kujazia. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki nayo, inabaki. Ukijazia maji ya bahari unazidisha chumvi, kwa hiyo unajazia maji baridi. Bahari ina gramu kama 35 za chumvi kwa lita, na haidromita husoma karibu 1.025. Maji ya kisima chetu tuliyaogopa, tukakinga ya mvua.

Samaki wa kwanza alikuwa kitatange, na alikuwa kosa. Mvuvi wa madema alimpata hai, dogo akamnunua kwa furaha, wa manjano, na ule mstari mweusi juu ya jicho. Akamtilia dagaa waliosagwa, uduvi, kila kitu. Hakugusa. Kuna vitatange ambao hawali kingine zaidi ya nyama ya tumbawe hai, na tumbawe hai ndilo tulilokataa kulileta. Siku ya tisa alikuwa ameegemea jiwe. Dogo hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu kama angekuwa hai asingenunuliwa, nikamwambia angekuwa mchuzi, na jibu hilo halikumsaidia yeyote.

Waliobaki ni wagumu na hawana sura: kaa wawili wanaobeba makombe, konokono wanaosafisha mwani kwenye kioo, na samaki mmoja wa kijivu wa kwenye vidimbwi vya ufukweni, mwenye macho juu ya kichwa kama mjumbe wa nyumba kumi. Katika jiwe moja tulilodhani limekufa kiliibuka kitu laini cha ukubwa wa kifungo, chenye mikono, kikifunguka mchana na kufunga usiku. Mwaka 1998 bahari yetu ilipopata joto la El Niño, matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia yaligeuka meupe na mengi yakafa. Mwaka 2016 joto lilirudi, na mwaka 2024 tena. Ile nyuzi moja au mbili iliyoyaua kule, dogo anaiona kwenye kipimajoto chake kila Februari, anaweka feni juu ya maji.

Feni, pampu, taa, vyote ni umeme. Usiku mmoja wa kiangazi umeme ulikatika saa nne, na saa nane ulikuwa haujarudi. Yule wa kijivu alikuwa amepanda juu, anahema kwenye uso wa maji. Dogo alikuwa Morogoro kwenye mitihani. Nikamuamsha dada anayetusaidia nyumbani. Mimi nikashika tochi ya simu, yeye akashika kata: anachota, anainua hadi usawa wa kifua, anamimina, anachota tena. Dakika ishirini, anapumzika, dakika ishirini. Nilikuwa nimesimama pale na tochi yangu mpaka nikagundua kwamba taarifa hii nimeshaisoma, imechapishwa mwaka 1859, na najua mimi ni nani ndani yake. Nikampa tochi, nikachukua kata. Mkono uliniuma kabla ya kufika mia.

Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro. Wote wazima. Wiki iliyofuata tulinunua pampu ndogo ya betri. Siku hiyo asubuhi, tukinywa chai, nilimsimulia habari ya yule msichana wa London, na bibi yake aliyeandika kwamba aliona kumimina maji ni mchezo.

"Mchezo gani, mama, saa nane usiku?" akasema. Kisha akauliza yule msichana alikuwa anaitwa nani.