Bei ya Haki kwa Kitu Kisicho na Mfano Sokoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo: injini ya lori la zamani la Bedford ina bei gani? Malori makubwa ya jina hilo yaliachwa kutengenezwa Uingereza mwaka 1986, hivyo hakuna injini mpya ya kulinganishia. Mafakihi huita mali ya namna hii *qimi*, yaani inayothaminiwa yenyewe peke yake, tofauti na *mithli*, kama ngano, ambayo pishi moja hushika nafasi ya nyingine. *Qimi* hukadiriwa na wenye ujuzi nayo.

Hapo ndipo penye mtihani, kwani mwenye ujuzi mara nyingi ndiye mnunuzi. Fundi huenda kwa mjane aliyeachiwa injini uani. Mjane anaona kutu na chuma chakavu. Fundi anaona silinda zisizoliwa. Je, anyamaze?

Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277), katika sharhe yake ya Sahih Muslim, amenukuu habari ya Sahaba Jarir bin Abdillahi al-Bajali (R.A.). Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirham 300, akamleta mwenyewe apokee fedha. Jarir alipomwona farasi, akamwambia muuzaji kuwa anastahiki zaidi: je, atauza kwa 400? Akaendelea kumpandishia mia mia hadi 800. Alipoulizwa, alijibu kuwa alimbai Mtume (S.A.W.) kumnasihi kila Mwislamu.

Tuzingatie kuwa muuzaji alikwisha kuridhia 300. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kupunjika tu pasipo udanganyifu hakumpi mtu hiari ya kuvunja mauzo. Mahanbali ndio wanaompa hiari hiyo asiyejua bei akapunjwa kupita kiasi. Basi Jarir hakuogopa kadhi, bali aliogopa ahadi yake.

Muuzaji naye ana wajibu wake. Ufa uliochomelewa kisha ukafunikwa kwa rangi ni aibu ya lazima kuelezwa. Akiificha ameghushi, na mnunuzi ana hiari ya kurudisha.

Kwa hiyo bei ya haki ya kitu kisicho na mfano ni ile ambayo kila mmoja angeiridhia lau angejua anachokijua mwenzake.

Wallahu a'lam.