Kodi ya Nyumba: Habari za Watu Wetu na Vyumba vya Kupanga Mjini



Katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu mtaombwa kuamua hoja iliyoletwa na baadhi ya wanachama wetu walioko Nairobi, ya kwamba fedha za Chama zinunue kiwanja huko, kijengwe nyumba ya vyumba vya kupangisha, na vyumba hivyo wapewe Abagusii peke yao. Hoja hii ina uzito, maana imetokana na taabu ya kweli. Kijana atokaye Nyamira au Ogembo kwenda kutafuta kazi hushindwa na pa kulala kabla hajashindwa na kazi yenyewe. Kwa hiyo Halmashauri imetutaka tuandike katika taarifa hii habari za watu wetu na vyumba vya kupanga, ili kila mmoja apige kura akijua tulikotoka.

Yatupasa tuanze nyumbani. Upangaji wa fedha hatukuwa nao zamani, lakini mgeni wa kukaa tulikuwa naye. Mtu aliyeuacha ukoo wake kwa njaa au kwa ugomvi, akapokewa katika ardhi ya ukoo mwingine, aliitwa omomenyi. Alipewa mahali pa kujenga na pa kulima. Hakudaiwa fedha kila mwezi. Alilipa kwa utii na kwa ujirani mwema. Hata hivyo kila mtu alijua kwamba ardhi ile si yake, na neno hilo liliweza kukumbushwa siku ya ugomvi. Wazee wanaosoma maneno haya wanajua vizuri kuliko sisi jinsi lilivyouma.

Kodi ya fedha ililetwa na Serikali ya kikoloni. Sheria ya kodi ya nyumba ilitungwa mwaka 1901, nayo ilitufikia pamoja na utawala wa Serikali, ambayo majeshi yake yalitushambulia mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na ambayo ilianzisha Boma la Kisii mwaka 1907. Mtu aliyekuwa na wake watatu alitozwa kwa nyumba tatu, ambazo alikuwa amezijenga kwa miti yake juu ya ardhi ya baba zake. Fedha hizo hazikuota shambani. Vijana wakaenda kuzitafuta katika mashamba ya chai ya Kericho, katika kiwanda cha Magadi, na Nairobi. Na huko Nairobi wakakuta kodi ya pili, ya chumba kisicho chao. Kiswahili chaziita zote mbili kwa jina moja, na kwa kijana wa siku zile hazikuwa mbali: kodi moja ilimtoa nyumbani, na nyingine ilimngoja mjini.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha Reli. Waafrika waliofika kufanya kazi hawakujengewa, wakajijengea wenyewe vijiji vya udongo vilivyoitwa Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Manispaa iliamua kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, ndipo Pumwani ikapimwa na vijiji vingine vikavunjwa. Pangani ilidumu kwa muda, lakini nayo ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Nyumba za Majengo, katika Pumwani, zilikuwa na ujia katikati na vyumba huku na huku. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu wa asili mbalimbali, na si wachache miongoni mwao walikuwa wanawake waliojinunulia nyumba kwa fedha zao wenyewe. Mpangaji hakuulizwa ukoo wake. Aliulizwa kama ana fedha za mwezi. Katika ujia mmoja waliweza kukutana Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mnubi na Mgusii, wakichota maji kwa zamu na kusemezana Kiswahili, maana hapakuwa na lugha nyingine iliyowaunganisha. Wengi wa wazee wetu waliokijua Kiswahili walifundishwa na jirani wa chumba cha pili, wala si darasani.

Manispaa nayo ilijenga. Kariakor, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, palijengwa mabweni. Kisha zikafuata Starehe, Ziwani na nyinginezo. Reli ilikuwa na landhi zake kule Muthurwa. Lakini katika nyingi za nyumba hizi mtu hakupanga nyumba wala chumba. Alipanga nafasi ya kitanda. Watu watatu au wanne wasiojuana waliwekwa katika chumba kimoja, kila mmoja na kitanda chake na sanduku lake. Serikali hiyo ndiyo iliyokuwa imevunja bisarate zetu kabla ya Vita ya Kwanza, zile kambi walimokaa vijana wakilinda ng'ombe, kwa kuona kwamba vijana wengi kukaa pamoja bila wazee ni hatari. Haikupita miaka mingi ikajenga kambi za vijana za kwake mjini, ila hizi hazikuwa na ng'ombe.

Asili ya mpango huu ilikuwa fikira moja, kwamba Mwafrika mjini ni mpita njia. Mkewe yuko nyumbani, shamba lake liko nyumbani, na akizeeka atarudi huko. Kwa hiyo mshahara wake ulipimwa kwa tumbo moja na malazi yake kwa kitanda kimoja. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 na mateka wa vita wa Kiitaliani wakishiriki katika kazi, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kufikiriwa kwa ajili ya mtu na jamaa yake, nayo ikawekewa ukumbi na bustani. Lakini nyumba zake zilikuwa chache mbele ya wenye haja. Mwaka 1954 kamati ya Serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika, ikakiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mtu asiye na mke, ikashauri upimwe kwa mahitaji ya jamaa nzima.

Katika mwaka huo huo lilitokea jambo ambalo hatulizungumzi sana katika mikutano yetu. Tarehe 24 Aprili, 1954, majeshi yaliizingira Nairobi, na katika siku zilizofuata Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakakamatwa, wengi wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Kazi zao zilibaki wazi na vyumba vyao vilibaki wazi. Waliokuja kuvijaza walikuwa watu wa makabila mengine, na sisi tulikuwamo. Hatuwalaumu wazee wetu. Walikuwa na watoto wa kulisha, na amri haikuwa yao. Lakini ni haki tukumbuke kwamba baadhi ya milango iliyotufungukia Nairobi ilifunguka kwa sababu mtu mwingine alitolewa nje kwa ajili ya kabila lake. Anayetaka leo nyumba itoayo vyumba kwa kabila na alipime jambo hilo.

Mwaka 1959 ilitungwa sheria ya kuzuia kodi kupandishwa ovyo. Ilimpa mpangaji baraza la kulalamikia, na ikamkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji anayelindwa nayo bila amri ya baraza. Sheria hiyo ilirithiwa na Kenya huru, lakini ulinzi wake uliwekewa mpaka wa kodi isiyozidi Sh. 2,500 kwa mwezi. Bei za vitu zikapanda na mpaka ukabaki pale pale, hata wapangaji wengi wa Nairobi wakajikuta nje ya ulinzi huo.

Baada ya Uhuru mji uliongezeka kuliko nyumba. Mwaka 1975 ulianza mpango wa Dandora, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wa viwanja 6,000 vilivyowekewa maji na njia ili watu wa kipato kidogo wajijengee. Wengi walijenga, wakakaa chumba kimoja na kupangisha vingine, kama walivyofanya watu wa Majengo miaka hamsini nyuma. Baadaye yakaja majumba ya ghorofa nyingi huko Huruma, Umoja na Pipeline, ambako ngazi moja hupandwa na watu wa makabila yote ya Kenya. Mengine yalijengwa kwa haraka na tamaa. Usiku wa tarehe 29 Aprili, 2016, jumba la namna hiyo lilianguka huko Huruma baada ya mvua kubwa, wakafa watu zaidi ya 40. Lilikuwa limejengwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kuwekwa alama ya kubomolewa. Wanaotaka Chama kinunue kiwanja na wakumbuke kuuliza kwanza habari za udongo na za mto.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mwishoni mwa mwaka 2001, Kibera, ugomvi wa kodi kati ya wenye nyumba, wengi wao Wanubi, na wapangaji, wengi wao Waluo, uligeuka kuwa vita vya kabila. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ulienea nchini, na tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133. Katika mitaa ya Nairobi wapangaji walifukuzwa vyumbani kwa sababu ya majina yao, na wenye nyumba walifukuzwa katika nyumba zao wenyewe. Watu wetu nao walikimbia kutoka Kericho na Sotik, na mpaka wa Borabu ukawaka.

Wenye hoja husema: mwaonaje basi, je, si heri kila mtu alale kwa watu wake? Twaliheshimu swali hili, maana aulizaye amelala nje. Lakini historia yajibu vingine. Mahali palipojulikana kuwa pa kabila moja ndipo palipojulikana pia pa kutiwa moto. Tena mwaka 1980 Serikali iliamuru vyama vya makabila vivunjwe, vikubwa kama GEMA na Luo Union vikafungwa. Mali iliyowekwa chini ya jina la kabila yaweza kuwa mashakani kwa amri ya siku moja.

Na tuitazame Getembe yetu. Leo mji wa Kisii umejaa vyumba vya kupanga, kutoka Mwembe na Jogoo hadi Nyanchwa, na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimeleta wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi. Wengi kati yenu mnaosoma taarifa hii ndio wenye nyumba. Mnapokea kodi ya Mluo, ya Mkikuyu na ya Mluhya, nao wanalala salama kwenu. Je, mngependa watu wao huko kwao wapitishe hoja kama hii yetu juu ya watoto wenu? Katiba ya mwaka 2010 yampa kila raia haki ya kukaa popote nchini, na yataja makao ya kufaa kuwa haki ya kila mtu. Haki hiyo hulindwa kwanza na mwenye ufunguo wa mlango.

Kwa hiyo sisi twashauri hivi. Kiwanja kinunuliwe, na nyumba ijengwe. Vyumba vipangishwe kwa mtu yeyote mwenye tabia njema na awezaye kulipa. Viwili vitengwe kwa wageni wapya wanaotoka kwetu, kila mmoja akae miezi mitatu, kisha ampishe mwenziwe. Kila mpangaji apewe mkataba wa maandishi na stakabadhi ya kila mwezi, na fedha ya amana iwekwe mbali, ili arudishiwe siku atakapohama.

Babu zetu walimpa omomenyi mahali pa kujenga kabla ya kumwuliza atatufaa nini. Uamuzi sasa uko mikononi mwenu, Wazee na Wanachama, nasi tutauandika katika vitabu vya Chama kama mtakavyouamua.