Desa Nalo Lina Historia

Kila aliyesoma sekondari Tanzania analijua desa. Ni karatasi ishirini hivi zilizobanwa kwa stepla, kopi ya kopi ya kopi, herufi zimefifia mpaka "m" na "n" hazitofautiani. Linauzwa steshenari, hatua chache kutoka geti la shule. Juu kabisa kuna jina la kitabu na la mwandishi wake. Kisha muhtasari wa hadithi, dhamira zikiwa na namba, wahusika na sifa zao, ujumbe, na mwishoni maswali yaliyowahi kutoka mtihanini pamoja na majibu yake. Ukikaa nalo jioni mbili, unaweza kuandika insha nzuri juu ya kitabu ambacho hujawahi kukishika.

Ninasomea shahada ya umahiri katika fasihi, na utafiti wangu unahusu vitabu teule vya fasihi ya Kiingereza katika shule za sekondari. Nikiwaeleza watu wazima ninachofanya, jibu huwa moja: vijana wa siku hizi hawasomi, wanataka vya kutafuniwa. Huwa siwabishii hapo hapo. Lakini kadiri ninavyozidi kuchimba, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba desa halikuzaliwa na uvivu. Lina wazazi, lina babu, na ukoo wake unaweza kufuatiliwa.

Babu yake alikuja na meli. Kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, mtihani wa kumaliza sekondari Afrika Mashariki ulitungwa Cambridge, Uingereza, na majibu yakapakiwa na kurudishwa huko kusahihishwa. Vitabu vya kusoma vilitoka huko huko. Katika shule ya Alliance, kule Kikuyu nchini Kenya, kuigiza tamthiliya ya Shakespeare lilikuwa jambo la kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, ameieleza shule hiyo katika kumbukumbu zake: ndani, vijana wanajifunza utamaduni wa Mwingereza, nje, vijiji vinateketezwa wakati wa hali ya hatari.

Tunapoisimulia historia hii, mara nyingi tunaishia kwenye majina ya vitabu. Tunasahau namna vilivyosomwa. Mtihani wa Cambridge haukumuuliza mwanafunzi kitabu kimemfanyia nini. Ulimtaka amjadili mhusika fulani, aeleze dhamira fulani, atoe mifano. Jibu lilikuwa na umbo lake, na umbo hilo lingeweza kufundishwa peke yake, bila kitabu. Hata Waingereza wenyewe walikuwa na vijitabu vya muhtasari wa Shakespeare kwa ajili ya watahiniwa wao. Mwanafunzi wa Iringa anayenunua desa leo anafanya ambacho mwanafunzi wa Leeds alikuwa akikifanya zamani. Tofauti ni ubora wa karatasi.

Mwezi Juni 1962, waandishi wa Afrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza walikutana Chuo cha Makerere, Kampala. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo. Mwanafunzi mmoja wa Makerere, wakati huo akiitwa James Ngugi, alimwonyesha Achebe mswada wake. Mswada huo ukawa Weep Not, Child, uliotoka mwaka 1964 katika mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika ambao kampuni ya Heinemann ya London ilikuwa imeuanzisha mwaka 1962, Achebe akiwa mshauri wake wa uhariri. Wengi wetu tunavikumbuka vitabu hivyo kwa majalada yake ya rangi ya chungwa.

Kuna jambo la kibiashara hapa ambalo wapenzi wa fasihi hatupendi kulitaja. Things Fall Apart kilipotoka London mwaka 1958, zilichapwa nakala 2,000 tu zenye jalada gumu, kwa bei ambayo mwanafunzi wa Kiafrika asingeimudu. Mfululizo wa Heinemann ulikigeuza kuwa kitabu chepesi cha bei nafuu, na soko lililoubeba lilikuwa darasa. Kitabu kikiteuliwa kwa mtihani, maelfu ya nakala zilikuwa na uhakika wa kuuzwa. Riwaya tunazoziita nguzo za fasihi ya Afrika zilisimama juu ya mabega ya wanafunzi wa sekondari.

Kisha likaja suala la orodha yenyewe. Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hoja yao ilikuwa rahisi: kwa nini fasihi ya taifa moja la Ulaya iwe ndiyo kitovu, na nyingine zote ziwe pembezoni? Waliitaka Afrika iwe katikati, pamoja na fasihi simulizi yake na lugha zake, kisha dunia nyingine ifuate kwa kadiri ya uhusiano wake nasi. Mwezi Septemba 1974, mjadala uliingia sekondari: walimu na wahadhiri walikutana Nairobi School kuzungumzia ufundishaji wa fasihi ya Afrika katika shule za Kenya.

Huku kwetu njia ilikuwa nyingine kidogo. Mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akatafsiri Makbeth na Tufani. Wao hawakumfukuza Shakespeare darasani, walimfundisha Kiswahili. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaanzishwa Baraza la Mitihani la Tanzania kwa sheria ya Bunge. Kuanzia hapo mitihani ilikuwa yetu. Polepole orodha nayo ikawa yetu: Song of Lawino ya Okot p'Bitek, The Lion and the Jewel ya Soyinka, The Black Hermit ya Ngũgĩ, Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, Summons, diwani ya washairi wa Tanzania iliyohaririwa na Richard Mabala.

Ukisoma historia hii katika vitabu vingi, hadithi inaishia hapo, kwa ushindi. Orodha ilibadilika. Mimi naona hapo ndipo swali gumu linapoanza: baada ya vita ya majina kwisha, vitabu vyenyewe viko wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi wetu ulianza kuyumba. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikula akiba, na fedha za kigeni zikawa adimu kuliko sukari. Kitabu kilichochapwa London kinalipiwa kwa pauni. Karatasi ya kuchapia kitabu hapa hapa nayo inahitaji fedha za kigeni. Matatizo hayakuwa yetu peke yetu: mwaka 1982 Nigeria, soko kubwa kuliko yote la mfululizo wa Heinemann, ilibana fedha za kigeni, na uchapishaji wa riwaya mpya za Kiafrika ukapata pigo ambalo haukupona vizuri. Kwa hiyo orodha ilikuwa ya Kiafrika hatimaye, lakini kabati lilikuwa tupu.

Kabati lilipokuwa bado linajaribu kujaa, wanafunzi waliongezeka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, shule za kata zikajengwa nchi nzima, na wanafunzi wa sekondari wakapanda kutoka takriban 430,000 mwaka huo hadi zaidi ya 1,400,000 mwaka 2009. Ni jambo la kujivunia. Mimi mwenyewe ni zao la shule ya kata. Lakini darasa linajengwa kwa miezi, na kitabu kinachotakiwa na kila mtoto hakifiki kwa kasi ya tofali.

Nilipokwenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo, nilipangiwa kidato cha tatu chenye wanafunzi sitini na nne. Shule ilikuwa na nakala tatu za The Lion and the Jewel. Moja haikuwa na jalada, nyingine ilianzia ukurasa wa saba. Nakala za desa zilikuwa nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Nilipouliza Lakunle ni mtu wa namna gani, mikono kumi ilinyanyuka, na majibu yote kumi yalitoka katika mistari ile ile: anawakilisha usasa, Baroka anawakilisha jadi.

Wiki iliyofuata tukafanya kama wanavyofanya waigizaji. Nakala zile tatu zilizungushwa mbele, wasomaji wakipokezana, wengine wakisikiliza. Kiingereza kilikuwa kinakwama, nikawa nasimama na kufafanua kwa Kiswahili. Tulipofika pale Lakunle anapokataa kulipa mahari kwa sababu ni desturi ya kishenzi, darasa lililipuka. Msichana mmoja wa nyuma alisema, "Mwalimu, huyu si msomi, huyu ni bahili." Mvulana akamjibu kwamba mahari ndiyo inayowafanya wanaume waone wamenunua mtu. Walibishana kwa Kiswahili mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyekuwa ameshika karatasi ya steshenari. Jambo walilokuwa wakibishania limo ndani ya tamthiliya. Katika desa limepewa nusu mstari.

Siku hiyo nilikumbuka kwamba Makerere, katikati ya miaka ya 1960, ilikuwa na kikundi cha wanafunzi kilichozunguka kuonyesha maigizo bure mijini na vijijini, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine. Tamthiliya moja, watazamaji mamia, nakala moja tu ya kitabu nyuma ya pazia. Watu wale hawakuhitaji kununua kitu ili fasihi iwafikie.

Lakini kusoma kwa sauti hakumalizi tatizo, kwa sababu mzazi wa tatu wa desa ni lugha. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi hawakuwa na uwezo wa kufuata masomo kwa lugha hiyo. Hata hivyo Kiingereza kilibaki. Wakaandikiwa vitabu vyepesi vya kuwainua, na vingine ni vizuri sana. Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer vimewachekesha wanafunzi wa vidato vya chini kwa miaka mingi. Ila kati ya Hawa na Soyinka kuna mlima, na njia ya kuupanda haikuchongwa. Desa ndilo kamba iliyotupwa kutoka juu. Limeandikwa kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, maana imewekwa wazi. Aliyeliandika, mara nyingi mwalimu asiye na jina, aliwajua wanafunzi wake kuliko mtunga mtaala alivyowajua.

Ndiyo maana siwezi kulichukia. Ninachokichukia ni kuliona desa likihesabiwa kama maradhi ya kijana, wakati ni jibu la haki kwa mtihani unaotaka umbo la jibu, kwa kabati lisilo na vitabu, na kwa lugha isiyofundishwa vya kutosha. Ukilipiga marufuku leo na kuyaacha hayo matatu, kesho litarudi kwa WhatsApp. Kwa kweli limeshafika huko.

Wazee wa Nairobi waliuliza: vitabu vya nani? Lilikuwa swali la zama zao na walilijibu kwa ujasiri. Kizazi chetu kimeachiwa maswali yasiyo na fahari kama hilo. Nakala ngapi? Kwa lugha anayoielewa nani? Mtihani unamuuliza nini mtu aliyesoma kweli, ambacho asiyesoma hawezi kukijibu? Haya ni maswali ya bajeti na ya usahihishaji, hayana waraka maarufu, na hakuna atakayeyawekea tarehe. Lakini yasipojibiwa, tutakuwa tumebadilisha majina kwenye orodha na kumwachia mwanafunzi vile vile, kando ya kitabu.

Kwa ajili ya utafiti nimeanza kukusanya madesa ya zamani. Wenye steshenari wananishangaa, wengine wananipa bure. Ninayo thelathini na moja sasa, ndani ya boksi la viatu. Moja ni la Things Fall Apart. Katika ukurasa wa wahusika limeandika kuhusu Okonkwo: katili, hana huruma, alimuua Ikemefuna. Pembeni, kwa kalamu ya bluu iliyopauka, mwanafunzi nisiyemjua ameandika kwa Kiswahili: "Mbona baada ya hapo alikaa siku mbili hali chakula?"

Habari hiyo haimo popote katika desa lile. Nimelisoma lote, mara mbili, kuhakikisha.