Vifaa vya dharura msimu wa mvua: namna ya kuvichagua na kuvitunza

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomoka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, Tanzania. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Miezi mitano baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalizoa nyumba karibu na Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, watu wakiwa wamelala.

Maafa ya namna hii hayampi mtu nafasi ya kutafuta tochi kabatini wala cheti cha mtoto chini ya godoro. Kinachobebwa ni kile kilichokuwa tayari. Na kuwa tayari hakuishii kwenye kununua. Tochi iliyooza betri haiwaki, na turubai lililotafunwa na panya halizuii mvua. Makala haya yanaeleza vifaa gani kaya ya kijijini ivitangulize, na namna ya kuvitunza ili siku ya siku vifanye kazi.

Lengo ni kuweza kujitegemea kwa siku tatu, yaani muda ambao msaada unaweza kuchelewa barabara zikikatika.

Anza na ndoo

Huhitaji begi la bei kubwa. Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana inatosha. Vitu vikiwa ndani havilowi, panya hawaingii, na ukifika mahali salama unaitoa vitu na kuhifadhia maji. Isiwe ndoo iliyobeba rangi, dawa za mifugo au viuatilifu vya shambani, kwa sababu sumu hubaki kwenye plastiki hata baada ya kuosha.

Iweke karibu na mlango, mahali palipoinuka, na kila mtu wa nyumbani apajue, watoto wakiwemo. Ndoo isivuke uzito ambao mtu mmoja anaweza kutembea nao akiwa ameshika mtoto kwa mkono mwingine.

Mwanga

Taa ndogo ya sola yenye betri ndani ni chaguo zuri kwa kaya isiyo na umeme, kwa sababu huhitaji kununua kitu tena. Ukiwa dukani, angalia alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, dai dhamana iliyoandikwa, na iwashe hapo hapo. Ukifika nyumbani, ichaji siku nzima juani kisha iwashe usiku uone inadumu saa ngapi. Isipofikisha saa zilizoandikwa kwenye boksi, irudishe dhamana ikiwa bado hai.

Betri ya taa ya sola huharibika ikikaa tupu muda mrefu. Hata kama huitumii, ichaji angalau mara moja kila baada ya miezi miwili. Futa vumbi kwenye paneli kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kama paneli imetenganishwa na taa kwa waya, weka paneli juani na taa kivulini, kwa kuwa joto kali huifupishia betri maisha.

Kwa tochi ya betri za mawe, kanuni ni tatu. Toa betri unapoihifadhi na uzifunge kando. Usichanganye betri mpya na za zamani. Ukikuta unga mweupe au ute kwenye chemba, tupa betri hizo, futa kwa kitambaa, sugua vyuma taratibu kwa msasa laini, kisha nawa mikono.

Kibatari na mshumaa visitumike ndani ya hema, chini ya turubai au kwenye darasa lililojaa watu na vyandarua. Moto mmoja unaweza kuua waliookoka na maji.

Simu na redio

Pawabenki ya mAh 10,000 haitoi mAh 10,000 kwenye simu. Sehemu ya umeme hupotea njiani, na kinachofika ni karibu theluthi mbili. Kwa simu janja yenye betri ya mAh 5,000, hiyo ni kuijaza mara moja na kidogo. Kwa kitochi chenye betri ya mAh 1,000, ni kama mara sita. Ndiyo maana kitochi cha akiba, kikiwa na laini iliyosajiliwa na namba muhimu ndani yake, kina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Pawabenki nayo ichajiwe kila baada ya miezi miwili.

Mtandao ukielemewa, ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale ambapo simu ya sauti imeshindwa. Punguza mwanga wa kioo, zima data, na uwashe simu kwa saa mlizokubaliana na ndugu.

Redio hupokea hata mnara wa simu ukianguka. Simu nyingi zina redio ya FM ndani, lakini hutumia waya wa spika za masikioni kama antena, kwa hiyo weka waya huo kwenye ndoo. Redio ndogo ya betri au ya kuzungusha kwa mkono ni bora zaidi, kwa sababu haili chaji ya simu. Andika masafa ya stesheni unazozitegemea kwenye karatasi na uyabandike nyuma ya redio.

Maji salama

Baada ya mafuriko, visima na mito huchanganyika na maji ya vyoo. Kipindupindu na kuhara huanzia hapo. Mtu mzima anahitaji takribani lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia chakula kidogo. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni lita 45, mzigo usiobebeka. Kwa hiyo beba maji ya siku ya kwanza, na beba njia ya kusafisha maji ya siku zinazofuata.

Vidonge vya klorini ni vyepesi na bei yake ni ndogo. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne kabla ya kuweka kidonge. Soma karatasi ya kidonge, kwani vipo vya lita 20 na vipo vya lita chache. Koroga na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usinunue kidonge ambacho karatasi yake imetoboka.

Ukiwa na kuni, chemsha hadi maji yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Nyanda za juu sana, zaidi ya mita 2,000, yaache yatokote dakika 3.

Weka pia pakiti za chumvichumvi za kutibu upungufu wa maji mwilini. Baadhi huchanganywa na lita 1 ya maji na nyingine nusu lita, hivyo soma pakiti. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazisha. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Turubai na kamba

Kwa kaya nyingi turubai linafaa kuliko hema la bei rahisi, ambalo mara nyingi huvuja kwenye mishono. Turubai la mita 4 kwa 6 linaweza kuihifadhi familia moja. Chagua lililofumwa, si karatasi ya nailoni nyembamba, lenye pete za chuma pembezoni na ukingo uliokunjwa mara mbili. Nunua na kamba ya manila ya mita 30.

Pete ikichomoka usitoboe tundu jipya, maana litachanika. Weka kijiwe laini chini ya turubai, likunje juu yake kama kifungo, kisha funga kamba shingoni mwa kijiwe hicho. Kamba itashika bila turubai kutobolewa.

Jua ndilo adui mkubwa wa turubai. Usiliache nje mwaka mzima likifunika kuku au mahindi ukitegemea litakufaa siku ya mafuriko. Likaushe kabisa kabla ya kulikunja, na kila ukilikunja badilisha mistari, kwa sababu mkunjo ule ule hupasuka.

Ukilitundika, chagua mahali pa juu, mbali na korongo na miti mikavu, na chimba mfereji mdogo kuzunguka ili maji yapite pembeni. Usiwashe jiko la mkaa ndani yake hata kama kuna baridi. Gesi ya mkaa haina harufu na huua watu usingizini.

Dawa, chakula na karatasi

Mwenye dawa za kila siku, kama za kisukari, presha au ARV, awe na akiba kidogo anayoizungusha: anatumia ya zamani na kuweka mpya. Ongeza bandeji, glavu, sabuni, taulo za kike, chandarua na filimbi. Milipuko mitatu ya filimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka.

Kwa chakula, weka kisichohitaji moto: karanga, tende, biskuti. Kiberiti kikae kwenye chupa kavu yenye kizibo.

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na za bima, na hati ya ardhi ziwe kwenye chombo kimoja kisichopitisha maji. Zipige picha na umtumie ndugu anayeishi wilaya nyingine. Ongeza fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa mtandao ukikatika pesa ya simu haitoki.

Ukaguzi mara mbili kwa mwaka

Penye masika na vuli, kagua mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba. Penye msimu mmoja, kagua Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kisha Januari. Washa kila taa. Zungusha kila redio. Tandaza turubai. Soma tarehe za dawa na vidonge. Kula karanga za zamani, weka mpya. Kazi nzima haizidi saa moja, na watoto wakishiriki watajua kila kitu kilipo.

Tangazo likitoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu kuonyesha ukubwa wa hatari. Ukisikia ya chungwa kwa eneo lako, chaji kila kitu, weka ndoo mlangoni na lala na viatu karibu. Ukisikia nyekundu na unakaa bondeni au chini ya mlima, hama mchana kabla giza halijaingia. Fungulia mifugo, kwa maana mnyama aliyefungwa hawezi kujiokoa.

Usivuke maji yanayokimbia. Yakifika kifundo cha mguu tu, takribani sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Hakuna kifaa ndani ya ndoo kinachostahili kurudiwa nyumbani.

Namba za dharura: Tanzania, Polisi 112, Zimamoto na Uokoaji 114. Kenya, 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199. Ziandike kwenye mfuniko wa ndoo kwa kalamu isiyofutika.