Salem na Unguja: Miaka Arobaini ya Majora na Sandarusi

Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli 41 za kigeni zilitia nanga Unguja. Meli 32 kati ya hizo zilikuwa za Marekani, na 20 zilitoka katika mji mmoja tu: Salem, jimbo la Massachusetts. Waingereza, waliokuwa wakitamba katika Bahari ya Hindi, walileta 7.

Salem haukuwa mji mkubwa. Mwaka 1830 ulikuwa na watu wapatao 14,000, na ubavuni pake ulikaa Boston, mji wenye mtaji na bandari kubwa zaidi. Wafanyabiashara wa Salem waliishi kwa kwenda kule ambako wakubwa hawakujisumbua kwenda: Sumatra kwa pilipili manga, Fiji kwa majongoo ya bahari, Madagaska kwa ngozi. Unguja nayo ilikuwa ndiyo kwanza inapata uzito, kwa kuwa Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alikuwa anahamishia makao yake huko kutoka Maskat. Pande zote mbili zilikuwa na njaa ya biashara, na hakuna upande ulioweza kumtisha mwenzake. Nadhani hilo ndilo lililowafanya waelewane haraka.

Mlango rasmi ulifunguliwa na Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyekuwa Unguja mwaka 1828 akachoshwa na tozo na ucheleweshaji wa mizigo yake. Alirudi akiwa mjumbe wa Rais Andrew Jackson, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini Maskat. Wamarekani wangelipa ushuru wa asilimia 5 kwa mizigo waliyoishusha, basi. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Yaani Wamarekani waliwatangulia Waingereza kwa miaka sita.

Machi 1837 akafika balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mzaliwa wa Salem. Serikali yake haikumpa mshahara. Alitakiwa aishi kwa biashara, naye akaifanya kwelikweli. Alishikana na Jairam Shivji, tajiri wa Kibaniani kutoka Kachchh aliyekuwa amekodi ushuru wote wa forodha kwa Sayyid. Meli ya Salem ikifika, mzigo ulipitia mikononi mwa Jairam. Yeye aliwakopesha wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na wa Mrima, yaani pwani ya bara, hao wakawakopesha wakuu wa misafara, na misafara ikashika njia ya Tabora. Miezi ilipita, pengine mwaka na zaidi, kabla pembe za ndovu hazijashuka pwani kulipia majora ya kitambaa yaliyokopeshwa. Wamarekani wengine, hasa wa New York, walilalamika kwamba balozi na mkuu wa forodha wamewafungia njia, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini bila mkopo wa Jairam hata Waters mwenyewe asingepata shehena ya kurudi nayo.

Kilicholetwa zaidi kilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na, kuanzia mwaka 1847, katika kiwanda cha Naumkeag palepale Salem. Kiliuzwa kwa jora, kikakatwa kwa doti na shuka: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Bara kilikuwa nguo na kilikuwa fedha. Kiongozi wa msafara alilipia kwacho chakula, hongo ya watemi na ujira wa wapagazi wa Kinyamwezi. Wateja walikijua kwa kukipapasa. Viwanda vya Manchester vilijaribu kukiiga, lakini watu walitaka kile kizito kinachovumilia kufuliwa, na kwa miaka mingi hawakukubali kingine.

Kilichorudi Salem kilikuwa pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Pembe ziliishia kwenye viwanda vya Connecticut, zikawa vitana na vibao vya kinanda. Mimi huvutiwa zaidi na sandarusi, kwa sababu iliajiri mikono ya pande zote mbili za bahari. Ni utomvu wa msandarusi uliozama ardhini kwa karne nyingi baada ya mti wenyewe kufa. Watu wa Mrima waliuchimba kwenye mchanga mwekundu, mashimo mafupi, kwa jembe na vijiti, hasa ardhi ikiwa imelainishwa na mvua. Ile mbichi ya mtini, chakazi, ilikuwa ya bei ya chini. Ya ardhini ndiyo iliyotafutwa kwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Ilifika Salem imegandwa na udongo. Jonathan Whipple alianzisha kiwanda cha kuiosha kwa maji makali kama ya magadi, kisha ikaanikwa na kusuguliwa. Ikitakata, uso wake huonyesha vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo mnunuzi alitambua sandarusi halisi ya pwani yetu.

Mwaka 1840 Sayyid Said alijaribu kupeleka bidhaa ng'ambo mwenyewe. Meli yake Al-Sultana ilifika New York tarehe 30 Aprili, ikiwa na pembe, karafuu, tende, kahawa na ngozi, pamoja na farasi na lulu za kumzawadia Rais Van Buren. Mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, alichorwa picha na msanii Edward Mooney. Meli ikakarabatiwa kwa gharama ya serikali ya Marekani, ikarudi na shehena ya merikani. Wafanyabiashara wa Salem hawakufurahi. Waliogopa kwamba New York sasa ingejua siri ya faida yao.

Hesabu hizi zote zina upande ambao haukuandikwa kwenye daftari za faida. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa Weusi wa kusini mwa Marekani. Karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Na miongoni mwa vilivyonunuliwa bara kwa doti zile, walikuwamo binadamu. Waters aliandika katika shajara yake jinsi alivyowahurumia watumwa aliowaona, kisha akaendelea kufanya biashara na mabwana zao. Sioni namna ya kuisifu biashara hii bila kulitaja hilo.

Udhaifu wa biashara hii ulijificha ndani yake yenyewe. Salem haikulima pamba, wala Unguja haikuwa na ndovu. Wote wawili walikuwa madalali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, pamba iliadimika na bei ya merikani ikapanda. Mwaka huohuo ushuru mpya wa Marekani kwa sandarusi chafu uliondoa faida ya kuiosha Salem, na kazi hiyo ikahamia Unguja. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa, Ulaya ikasogea karibu na pwani hii kuliko Massachusetts. Tarehe 1 Mei 1870 jahazi la Glide lilishusha Salem shehena ya mwisho kutoka Unguja. Kampuni chache za Salem ziliendelea na biashara hiyo, lakini kwa kutumia bandari ya Boston. Unguja, Wahindi waliokuwa wakiuza merikani walijaza maduka yao majora ya Bombay, na misafara ikaendelea kuondoka Bagamoyo na mizigo yake.