Taa za HID: Mwanga zaidi au hatari zaidi katika barabara za Garissa?

MJI wa Garissa uko karibu kabisa na ikweta. Kwa sababu hiyo, giza huingia kwa ghafla mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni na hudumu takriban saa kumi na mbili, mwaka mzima. Nje ya mji, iwe ni katika barabara ya Dadaab na Liboi, ile ya Modogashe na Wajir au ile inayoelekea kusini kupitia Hola hadi Garsen, dereva aweza kusafiri kilomita nyingi bila kuuona mlingoti wa taa. Kinachomwokoa yeye, abiria wake na mfugaji anayevusha ngamia ni taa mbili zilizo mbele ya gari.

Si ajabu basi kwamba wenye magari wengi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera hutamani kuzing'oa balbu za halojeni zilizokuja na magari yao na kutia taa za HID, maarufu pia kama taa za zenoni. Hata hivyo, badiliko hilo lina masharti yake. Likifanywa vibaya, humwongezea dereva raha ya macho huku likimpofusha yule anayekuja upande wa pili.

TOFAUTI YA HALOJENI NA HID

Balbu ya halojeni, iliyoanza kutumika katika magari barani Ulaya mwaka wa 1962, ina uzi mwembamba wa tungsteni unaopashwa joto na umeme hadi ukawaka. Balbu aina ya H4, ambayo ndiyo inayopatikana katika Toyota Probox na Land Cruiser nyingi, ina nyuzi mbili: wa wati 55 kwa mwanga wa chini, ambao madereva huuita 'dimu', na wa wati 60 kwa mwanga wa mbali, yaani 'fulu'. Uzi wa chini hutoa takriban lumeni 1,000.

Taa ya HID haina uzi. Ndani ya kijichupa chake mna gesi ya zenoni pamoja na chumvi za madini, na mwanga hutokana na cheche ya umeme inayoruka kati ya ncha mbili. Kifaa kiitwacho balasti huupandisha umeme wa betri hadi volti 20,000 au zaidi kwa sehemu ndogo sana ya nukta ili kuiwasha cheche hiyo, kisha huushusha na kuudhibiti. Kwa wati 35 pekee, HID ya kiwandani hutoa takriban lumeni 3,200, na hudumu mara kadhaa kuliko halojeni. Kampuni ya BMW ndiyo iliyotangulia kuziweka katika magari yake ya 7 Series mwaka wa 1991. Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani huja nazo tayari, ingawa magari mapya siku hizi hutumia zaidi taa za LED.

KWA NINI BALBU PEKEE HAITOSHI

Taa ya gari si balbu tu. Nyuma ya balbu kuna kiakisi, yaani lile bakuli linalong'aa, ambalo limechongwa kwa vipimo vya uzi wa halojeni: mahali ulipo, urefu wake na unene wake. Katika H4, chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Kikombe hicho ndicho kinachochora mstari wa mkato: chini yake kuna mwanga, juu yake kuna giza, na ndani ya giza hilo ndimo yalimo macho ya dereva anayekuja.

Cheche ya HID haina umbo wala ukubwa wa uzi huo. Ikitiwa ndani ya kiakisi cha halojeni, mwanga wake hutawanyika, mkato hufifia, na sehemu ya lumeni zile 3,200 huishia katika macho ya watu. Ndiyo maana watengenezaji wana aina mbili za balbu za zenoni: D2S kwa taa zenye lenzi ya mviringo, na D2R, yenye rangi ya kuziba iliyopakwa juu ya kioo chake, kwa taa zenye kiakisi kilichotengenezwa mahsusi kwa HID.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Dimu iliyorekebishwa sawasawa huteremka sentimita 10 kwa kila mita 10. Gari ambalo taa zake ziko sentimita 70 kutoka ardhini litamulika hadi mita 70 hivi, basi. Balbu kali zaidi huing'arisha ile ardhi iliyo karibu, lakini haiusogezi mstari wa mkato mbele hata kidogo. Isitoshe, ardhi ya karibu ikimeremeta mno, mboni za macho hujifunga, na dereva huona hafifu zaidi kilicho mbali huku akijihisi salama.

Tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husonga mita 22 kila nukta. Dereva aliye macho atachukua nukta moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, yaani mita 33. Kusimama kwenye lami kavu kutahitaji mita nyingine 35, jumla yake ikikaribia 70. Kwenye changarawe au mchanga, jumla hiyo hufika mita 90 hadi 100. Kwa hivyo dereva wa Probox anayetumia dimu katika barabara ya changarawe kwa kasi hiyo hataweza kusimama ndani ya umbali anaouona, awe na HID au asiwe nayo.

NGAMIA, VUMBI NA VIZUIZI

Hatari hiyo ina sura yake katika eneo hili. Ngamia ana rangi inayofanana na udongo, na miguu yake ni myembamba na mirefu. Mwili wake wenye mamia ya kilo uko juu ya mstari wa mkato. Dimu humulika miguu tu. Akigongwa, miguu hukatika na mwili huangukia kioo cha mbele na paa. Twiga nao, ambao ni wengi Garissa, huvuka barabara vivyo hivyo. Dawa ya wanyama hawa ni fulu na mwendo wa wastani.

Vumbi nalo lina hila zake. Lori likipita mbele, chembe za vumbi huurudisha mwanga machoni pa dereva, na kadiri mwanga unavyozidi kuwa mkali na kupanda juu ndivyo pazia hilo jeupe linavyokuwa zito. Rangi pia ni muhimu. HID za kiwandani huwa na takriban kelvini 4,300, karibu na weupe wa mchana. Zile za kelvini 8,000, zenye ubuluu unaopendwa na vijana, hutoa mwanga mchache wa manufaa kuliko hizo.

Fauka ya hayo, barabara za Kaskazini Mashariki zina vizuizi vingi vya polisi. Askari anayepofushwa na taa hawezi kumtambua anayekuja, na kwa sababu ya historia ya mashambulizi katika eneo hili, hana budi kushuku. Ni busara kushusha taa mapema na kupunguza mwendo kabla ya kukifikia kizuizi.

ANZA NA HAYA KWANZA

Mara nyingi taa hafifu si kosa la halojeni. Kabla ya kununua chochote, mwenye gari ayakague mambo manne.

Kwanza ni kioo cha taa. Taa nyingi za kisasa zina kioo cha plastiki ngumu, ambacho jua hukigeuza manjano na mchanga hukikwaruza. Kusuguliwa na kung'arishwa upya, au kubadilishwa, hurejesha mwanga mwingi uliopotea.

Pili ni nyaya. Volti zikipungua kwa asilimia 10 njiani kutoka kwenye betri hadi kwenye balbu, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Fundi wa umeme wa magari aweza kuvuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na rilei, kisha akasafisha mahali waya wa hasi unaposhikana na bodi.

Tatu ni balbu yenyewe. Nunua H4 yenye alama ya herufi E ndani ya duara, ishara kuwa imeidhinishwa. Jiepushe na balbu za wati 100, kwani huyeyusha soketi na kuunguza kiakisi.

Nne ni kulenga. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mstari wa mkato uwe sentimita 10 chini ya kimo cha kitovu cha taa. Gari lililojaa abiria au magunia nyuma huinua pua, na taa zilizolengwa likiwa tupu huanza kumulika angani.

Kwa safari za mashambani, taa mbili za ziada zinazowaka pamoja na fulu tu, na kuzimika mara unaposhusha taa, humulika mbali kuliko HID yoyote ya dimu.

UKIAMUA KUTIA HID

Njia salama ni kununua taa nzima, pamoja na kiakisi au lenzi yake, zilizoundwa kwa ajili ya HID na kwa ajili ya modeli ya gari lako. Hakikisha zimetoka katika nchi ambako magari huendeshwa upande wa kushoto kama Kenya, mathalani Japani au Uingereza. Taa za Marekani au Ujerumani huinua mwanga wake upande wa kulia, moja kwa moja kwa gari linalokuja.

Kanuni Nambari 48 ya Umoja wa Mataifa hudai kwamba taa za dimu zenye chanzo kinachozidi lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujirekebisha kimo kulingana na mzigo, na wa kuosha vioo. Uchafu juu ya kioo hutawanya mwanga huo mkali pande zote. Uingereza na Marekani haziruhusu balbu za HID zitiwe ndani ya taa za halojeni.

Hapa nchini, taa husimamiwa na Sheria ya Trafiki, Sura 403, na ukaguzi wa magari uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Aidha, ni vyema kuiarifu kampuni ya bima kuhusu badiliko lolote, ili pasiwe na mzozo wakati wa fidia.

Wakati wa kufunga, ondoa waya wa betri kwanza, kwani umeme wa balasti waweza kuua. Usiishike balbu kwa vidole vitupu. Ifunge balasti juu, mbali na maji, kwani mafuriko ya Mto Tana, kama yale ya Novemba 2023 yaliyoikata barabara kati ya Garissa na Madogo, huacha magari mengi yamelowa. Lori na basi la volti 24 lisitiwe vifaa vya volti 12. Balbu za D1 na D2 zina zebaki. Ikipasuka moja ndani ya karakana, fungua milango hewa ipite kabla ya kuokota vipande.

Baada ya kazi hiyo yote, bado hesabu ya mita ni ile ile. Usiku, ukiwa kwenye dimu, endesha kwa kasi itakayokuwezesha kusimama ndani ya sehemu unayoiona. Kwenye changarawe, kasi hiyo iko chini ya kilomita 80 kwa saa.