Somo la Tisa: Historia ya Flashi na Sababu ya Bei Zake Mbili

Juma lililopita tulizungumza juu ya diski zenye sahani zinazozunguka, tukaanzia na ile mashine ya IBM ya mwaka 1956, yenye sahani 50 na uzito uliopita tani moja. Leo tutatazama kitu kilichoziondoa sahani hizo katika kompyuta nyingi, yaani flashi. Nataka ufahamu kwa nini kompyuta mbili, kila moja imeandikwa gigabaiti 64, huweza kuuzwa kwa bei zilizo mbali kabisa.

Flashi ni kazi ya Mjapani, Bwana Fujio Masuoka, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Toshiba. Mwaka 1984 aliwaonyesha wataalamu wenzake flashi ya kwanza, na mwaka 1987 akaleta ya pili, iitwayo NAND, ambayo ndiyo tunayohifadhia mafaili hata leo. Jina lilitolewa na mwenzake kazini, kwa kuwa kufutika kwa ghafula kwa seli zake kulimkumbusha mwanga wa kamera. Masuoka mwenyewe hakutajirika. Ilimbidi kuishtaki kampuni yake ya zamani, na mwaka 2006 wakapatana kwa yeni milioni 87. Ukitazama biashara iliyozaliwa na akili yake, hiyo kwa maoni yangu ni nauli tu.

Sasa sikiliza vizuri. Fikiri ubao wa darasani. Katika flashi unaweza kuandika mstari mmoja mmoja, lakini huwezi kufuta mstari mmoja. Ni lazima ufute ubao mzima. Na kila ukifuta, rangi ya ubao hubanduka kidogo. Seli za zamani, zilizohifadhi alama moja moja, zilistahimili kufutwa mara 100,000 hivi. Baadaye, ili bei ishuke, watengenezaji walitia alama tatu katika kila seli, na ustahimilivu ukaanguka hadi maelfu machache, au chini ya hapo. Kwa hiyo mbao hizi zinahitaji msimamizi, ajuaye upi umefutwa mara ngapi, ili azigawie kazi sawasawa. Msimamizi huyo ni chipu ya pekee.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye iliitwa SanDisk, iliuza diski ya flashi ya megabaiti 20 kwa dola 1,000 hivi. Huo ndio ukoo wa SSD: msimamizi mwenye nguvu, chipu kadhaa zinazosomwa kwa pamoja, na mbao za akiba ambazo mwenye kompyuta hazioni. Njia ya pili ilitoka katika kadi ndogo za kamera na simu, ikafikia eMMC, yaani flashi na msimamizi wake mdogo katika chipu moja, iliyochomelewa katika bodi kuu ya kompyuta. Toleo la 5.1 la eMMC, la mwaka 2015, halipiti megabaiti 400 kwa sekunde, na SSD nyingi za sasa za NVMe hupita 3,000.

Lakini usidhani mwendo ndio tofauti kubwa. Huko Marekani, mwaka 2021, kampuni ya Tesla iliyarudisha magari 134,951 ya Model S na Model X. Kompyuta ya kioo chake cha katikati ilikuwa na eMMC ya gigabaiti 8, kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba. Iliandikwa na kufutwa kila siku gari lilipotembea, hata baada ya miaka mitano au sita rangi ya mbao ikaisha. Kioo kikazimika, na picha ya kamera ya nyuma ikapotea pamoja nacho. Dawa iliyotumika ilikuwa eMMC ile ile, ila ya gigabaiti 64: mbao zikiwa nyingi, kila mmoja hufutwa mara chache.

Basi mtu anayesoma na kuandika barua atatumia eMMC miaka mingi bila shida. Mwenye kuandika hesabu za duka mchana kutwa afikiri mara mbili, maana eMMC ikifa haichomolewi. Mara nyingi bodi nzima hubadilishwa, na hesabu zimekwenda nayo.

Kabla ya somo la kumi, tazama karatasi ya kompyuta yako, au ya jirani, uandike daftarini kama ni SSD au eMMC, na kama inaweza kutolewa kwa bisibisi.